Midomo ya Mama Delphine

Mama mkwe wangu, Delphine Napesis, haonyeshi kitu kwa kidole. Ukimuuliza chumvi iko wapi, hubinua midomo kuelekea kabatini, basi. Sisi Wakrii, wenyeji wa asili wa Kanada, wengi tuko hivyo, lakini yeye amezidi: anaweza kukuelekeza mpaka mji wa Saskatoon kwa midomo tu, pamoja na kona zote. Alibobea katika shule ya bweni ya watawa, alikopelekwa akiwa mdogo. Huko ukitamka neno la Kikrii ulichapwa.

"Walitufunga ndimi," husema, "wakasahau midomo." Kisha hucheka mpaka akakohoa.

Alipotoka huko alifua mashuka ya hospitali ya mjini, ng'ambo ya mto kwa Wazungu, hadi akastaafu. Nusu ya mji ule wamezaliwa juu ya mashuka yake, na bado akiingia dukani mlinzi humfuata nyuma. Yeye humpa kikapu abebe. "Maadamu tunakwenda njia moja, mwanangu." Mimi siwezi hayo. Mimi nikiingia dukani naweka mikono nje ya mifuko, na wanangu nimewafundisha hivyo hivyo.

Mwaka huu binti yangu Raelynn alimaliza sekondari mjini. Mama mkwe ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Zahanati yetu kila mara humwambia asubiri upasuaji, na akitazama mbali huona ukungu.

"Nataka kumwona anapopokea cheti," aliniambia. "Sio kusikia. Kusikia nimesikia vya kutosha."

Ukumbini safu za mbele zilizungushiwa utepe mwekundu. Hakuna aliyesema ni za Wazungu. Ni za familia za shule, na familia za shule ni zile ambazo majina ya babu zao yameandikwa ukutani. Sisi hukaa nyuma karibu na mlango, mbu wanakoingilia.

Mama aliuinua ule utepe kama anapita chini ya kamba ya kuanikia nguo, akaketi safu ya kwanza kabisa. Nikamfuata kwa sababu nilikuwa nimemshika mkono.

"Mama, turudi. Watatutoa."

"Watutoe kama wana mgongo wa kunibeba."

Akaja Mwalimu Colby, kijana mgeni aliyehamia majira ya baridi. "Samahani, bibi. Viti hivi ni vya familia."

"Kwani mimi yatima?"

"Hapana, namaanisha... mwanafunzi wako ni yupi?"

Wahitimu walikuwa wamekaa jukwaani, nyuma ya mgongo wa mwalimu. Mama akainua kidevu, akabinua midomo kuelekea kule, tena kwa nguvu, maana Raelynn alikuwa mbali.

Mwalimu akarudi nyuma hatua moja. Shingo ikamwiva, kisha masikio. "Bibi," akanong'ona, "mimi nina mchumba."

Sikuelewa. Mama naye hakuelewa. Aliyeelewa ni shemeji yake Alphonse, kule mlangoni. "Delphine! Mwache mume wa watu, usimbusu!"

Nyuma kote wakaangua kicheko.

"Nilikuwa namwonyesha mjukuu wangu, mpumbavu wewe!"

"Ndivyo ulivyomwonyesha marehemu kaka yangu, mkaishia na watoto sita!"

Mwalimu akatazama jukwaani, akatazama midomo ya Mama, akatazama jukwaani tena. Akajifunika uso kwa viganja, mabega yakimtikisika kwa kucheka. Piano ikaanza. Badala ya kututoa, akaketi nasi kwenye kiti kilichokuwa wazi.

Mimi nilikaa kwenye ukingo wa kiti, mkoba mkononi, tayari kuinuka.

Raelynn akaitwa. Akasimama na kutazama mlangoni, maana mwenyewe nilimwambia tutakuwa huko. Hakutuona. Uso ukamshuka. Ndipo safu zote za nyuma, Alphonse, mashangazi, hata watoto waliopakatwa, wakabinua midomo kwa pamoja kuelekea mbele. Macho ya Raelynn yakafuata ile midomo, yakashuka, yakamkuta bibi yake. Alicheka, akapokea cheti, akaja hadi ukingoni mwa jukwaa na kuinama.

"Namwona," Mama alisema. "Ana kishimo shavuni, kama babu yake." Akasogea mbele kidogo. "Na nywele hajachana."

Nilimchana mwenyewe asubuhi, lakini nilikuwa nalia, sikubishana.

Baadaye wakati wa chai niliona utepe unakunjwa vizuri na kurudishwa kabatini, kwa ajili ya mwakani. Nikamuuliza Mwalimu Colby sukari iko wapi. Alikuwa amebeba vikombe mikono yote miwili. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akabinua midomo kuelekea mezani.

"Umezidisha kidogo," Mama akamwambia, "lakini mchumba wako atafurahi."