Upepo Uliozidi Makaa

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nimemwomba Mungu asiiondoe kichwani mwangu kabla sijaisimulia. Ilikuwa baada ya vita vya Maji Maji, hapa Songea. Wajerumani walikuwa wamechoma maghala ya ulezi, na watu walikula mizizi ya porini. Mimi nilikuwa kijana wa ndevu za kwanza, nikivuta mivukuto kwa mjomba wangu, mhunzi.

Mivukuto yetu ilikuwa mifuko miwili ya ngozi ya mbuzi. Unabonyeza huu, unainua ule, upepo unapita katika bomba la udongo hadi motoni. Yaonekana kazi ya mikono, kumbe ni ya macho. Mjomba alinifundisha kwamba upepo sharti ushibe makaa kabla haujafika kwenye chuma. Makaa yakiwa tele, chuma huiva. Makaa yakipungua nawe ukazidisha upepo, upepo ule hukosa chakula, ukakila chuma chenyewe.

"Ukiona chuma kinarusha nyota," alisema, "ujue kinakufa."

Mjukuu wangu, fundi wa malori pale Lizaboni, ananiambia ziko injini za petroli zinazosukumiwa upepo kwa nguvu, na sheria yake ni hiyohiyo: upepo mwingi na mafuta machache, pistoni inatoboka. Nilicheka kidogo. Sheria hiyo naijua kwa uchungu.

Asubuhi ile mjomba aliitwa na jumbe kwenda kazi ya barabara. Akaniachia neno moja: "Kapu la makaa likiisha, acha kazi. Nenda porini ukachome mengine."

Jua lilipopanda akaja mjane tuliyemwita Mama Komba, ana mtoto mgongoni. Alifungua kanga kuukuu akatoa mikuki miwili, wa mumewe na wa shemeji yake. Wote wawili walikufa vitani, wakiamini maji ya dawa yangewakinga na risasi. Alikuwa ameificha mikuki ndani ya paa askari walipopita kukusanya silaha. Sasa alitaka iunganishwe iwe jembe moja, kwa kuwa mbegu alikuwa nazo lakini hakuwa na kitu cha kulimia.

"Mjomba wako yuko wapi?"

"Hayupo. Lakini mimi nipo."

"Wewe?" Akanitazama kuanzia miguuni. "Haya, fundi wa jana. Mvua hainingoji."

Kapuni makaa yalikuwa ya viganja vichache. Kwenda porini na kurudi ni siku mbili. Nilijiambia, kinachopungua kwenye makaa nitakijaza kwa upepo. Nikavuta mivukuto kwa nguvu za ujana wangu wote, na moto ukawa mweupe. Chuma kikaanza kurusha nyota. Zilipendeza, mwanangu! Mtoto mgongoni akacheka, akanyoosha mkono kuzidaka.

"Moto wako unampigia mwanangu ngoma," Mama Komba akasema, naye akacheka.

Ngoma ikivuma sana hupasuka. Niliziona nyota, nikayakumbuka maneno ya mjomba, lakini kicheko kile kilinilewesha. Pale mikuki ilipoungana palitokea ufa mwembamba kama unywele. Nikaupiga nyundo mpaka ukajificha, nikalizamisha jembe majini, nikampa. Alinibariki, mwanangu. Alinibariki akaenda zake.

Alirudi baada ya mavuno. Mjomba alikuwepo siku hiyo. Nilipomwamkia Mama Komba niliona mgongo wake mtupu, na ile kanga ya kubebea imekunjwa begani.

Aliweka vipande viwili vya jembe mbele yetu. Lilivunjika siku ya tatu ya kulima, akamalizia kwa mti uliochongwa. Alichovuna hakikujaza chungu, na mtoto alizikwa kabla ya mwezi kuandama.

"Sikuja kudai," alisema. "Ni marehemu mume wangu amekataa. Nilimnyang'anya mkuki wake nikaufanya jembe, naye amemchukua mwanawe. Nataka tu kujua, mzee, nifanye nini anisamehe."

Mjomba alikigeuza kipande kwenye mwanga. Pale palipovunjika palikuwa na chembechembe kama chumvi ya mawe. Akanitazama.

"Moto wa siku ile ulikuwaje?"

"Mzuri, mjomba."

Alingoja. Mama Komba naye alinitazama, na macho yake hayakuwa na shaka yoyote juu yangu. Nikainamisha kichwa. Mjomba akaingia ndani, akatoa jembe lake mwenyewe, akampa.

Mama Komba alipokwisha kwenda, mjomba aliniambia, "Chuma kimeungua. Kosa la kwanza ni la mkono, ningelifua pamoja nawe. Hili la pili ni la mdomo, na hilo sina nyundo yake. Mwanamke yule amezika mtoto, sasa unamwacha alale na laana isiyokuwepo."

Sikulala. Alfajiri nilikimbia hadi kwake. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba ya mgomba. Jirani akasema amepita hapo na mzigo kichwani, ameelekea upande wa Tunduru kwa ndugu zake. Nilifuata njia siku mbili, nikauliza, nikarudi. Tangu hapo kila mtu atokaye Nakapanya, kijiji cha huko Tunduru, nimemwuliza habari zake. Nilipobatizwa na baadaye nikawa katekista, nilimwungamia padre, naye akaniondolea dhambi kwa jina la Bwana. Namshukuru Mungu kwa hilo kila siku. Lakini Mama Komba hakuwepo kusikia. Nadhani alikufa akimwomba msamaha marehemu asiye na kosa.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Makaa yakiisha, acha kazi, hata kama anayengoja analia. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, mbele ya yule uliyemkosea, maana mficha maradhi kilio humfichua, na kilio chenyewe chaweza kuwa cha mtu mwingine.

Mungu akupe mkono wenye kiasi na ulimi usiouogopa ukweli. Akujalie miguu ya kuondoka mapema, usije ukafika kwenye mlango uliokwisha kufungwa.