Kitalu Kisichotiwa Kitu

Mpimaji alikuwa mtu wa kushuku. Nyumbani aliichora mstari chupa ya mafuta ya kula kwa kalamu ili ajue yameshuka kiasi gani, na mkewe, aliyekuwa akiyapikia mafuta hayohayo, alimzoea kama watu wanavyozoea mlango unaolia. Kazini walimwita Jicho.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye shamba la majaribio. Palikuwa na vitalu vitatu vya mtama, mbegu moja, siku moja ya kupanda. Cha kwanza kilitiwa samadi, cha pili mbolea ya dukani. Cha tatu, kilichopakana na kichaka, hakikutiwa kitu, ili ijulikane udongo peke yake unatoa nini. Jicho alivuna, akapima, akaandika.

Msimu wa kwanza kile kitupu kilitoa kilo nane, wenzake kumi na saba na ishirini na moja. Mtu mwingine angesema, kwani kililishwa nini? Jicho akasema kimeibiwa. Kilo nane ni chache mno, kuna mkono unaokata masuke. Basi msimu wa pili, masuke yalipoanza kutoka, akachukua kigoda chake akakiweka pembeni mwa kitalu kile, akawa anashinda hapo hadi jioni.

Kikatoa kilo kumi na tatu.

Ungedhani angefurahi. Wapi! Sasa alikuwa na hakika kwamba kuna mtu amekitia mbolea kisirisiri ili kumharibia hesabu. Na funguo za mbolea alikuwa nazo nani? Mtunza ghala, shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye aliwahi kuiomba kazi ya upimaji akaikosa. Kikulacho ki nguoni mwako, Jicho alimwambia mkuu wa kituo. Mkuu, mama asiyependa maneno mengi, akampa mtunza ghala barua ya onyo: kitalu kile kikizidi tena, ataacha funguo mezani aende zake.

Mkewe hakugomba. Alimwekea chakula, akaenda kukaa kibarazani peke yake. Mara moja tu alimwambia, "Yule ana watoto wanne, baba watoto. Una hakika?" Akajibu kwamba hakika ataiona kwa macho yake.

Msimu wa tatu alipindukia. Alifika kabla umande haujakauka, na chakula cha mchana alikilia palepale kigodani. Kila shemeji alipopita kwa mbali, aliandika saa. Alipokohoa, aliandika pia. Hakumkamata hata siku moja, na hilo likamzidishia shaka: mjanja gani huyu, hata kosa moja hafanyi?

Siku ya mavuno masuke ya kitalu kitupu yalikuwa yamejaa vizuri, hata bila mizani ilionekana. Jicho alifurahi, na sitamfichia. Alikuwa anafunga gunia wakati mwinga ndege, mama aliyeajiriwa kuwafukuza ndege kwa kombeo na makopo, alipokuja kumshukuru.

"Unanishukuru kwa lipi?" Jicho akamuuliza, macho yamemtoka.

"Si umenipunguzia kazi, bwana mpimaji. Ndege wote wanatokea kichaka hiki. Mwaka ule wa kwanza walikimaliza hiki kitalu mpaka nikakata tamaa. Tangu uanze kukaa hapa na hilo kofia lako, hawatui. Mimi nahangaika na vile viwili tu."

Kona moja ilikuwa bado haijakatwa. Jicho akanyanyua kigoda, akatembea hadi kwenye ukuta wa ghala, akageuka. Ndege walikuwa wameshatoka kichakani, na masuke ya kona ile yalikuwa yanainama kwa uzito wao.

Angeweza kunyamaza. Nani angemuuliza mwinga ndege?

Mizani ikasoma kilo kumi na tano. Mkuu alimtazama mtunza ghala, na mtunza ghala, bila kuambiwa, akaziweka funguo mezani.

"Mrudishie, mama," Jicho akasema. "Hakuna aliyetia mbolea. Ni mimi. Nilikaa pale nikafukuza ndege bila kujua." Akaeleza yote, tangu zile kilo nane, na aibu ikampanda hadi masikioni. Mkuu akamwamuru azifute hesabu za misimu miwili aliyokaa pale, kisha akazisukuma funguo zirudi kwa mwenyewe.

Mtunza ghala hakuzigusa. Alimtazama Jicho, akalitazama daftari, akamtazama tena.

"Shemeji," akasema taratibu, "safari hii unanitegea nini?"

Jicho akatafuta jibu. Kila alilolipata, yeye mwenyewe asingeliamini.