Walioruhusiwa Kunichukua

Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, saa saba mchana, ving'ora vya tufani hulia Minneapolis nzima, hapa Marekani. Ni majaribio tu, na kila mkaaji anajua. Juzi vilinikuta kwenye maegesho ya nyumba ya wazee ninakofanya kazi, kule Bloomington, chupa ya chai mkononi. Nilishtukia nimechuchumaa kando ya gari, mikono juu ya kichwa, mtu mzima na sare yangu ya kazi. Mwenzangu wa zamu, Mkenya kama mimi, alicheka hadi akashika mbavu.

"Dada, hiyo ni test tu! Inuka, utachafua scrubs!"

Nilicheka naye, nikajipangusa vumbi. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Yeye sikumweleza kitu, ila wewe nitakueleza.

Nilipokuwa na miaka saba baba alipata nafasi ya kusoma chuo kikuu Japani, tukahamia naye kwenye mji mdogo uliokatwa katikati na mto. Watu wakisikia hivyo huniuliza habari za treni za kasi. Mimi nakumbuka viatu. Viatu vya kutokea, viatu vyeupe vya ndani ya shule, kandambili za chooni, na ole wako ukiingia darasani na kandambili za chooni, kama nilivyofanya wiki ya kwanza. Nakumbuka mikeka iliyofunika sakafu ya nyumba yetu, ikinukia nyasi kavu, na mama akisema angalau kitu kimoja hapa kinanuka kama kwa ng'ombe wa baba yake. Nakumbuka tulivyofagia darasa wenyewe, tukapiga deki kwa magoti, tukapakuliana chakula cha mchana tukiwa na aproni nyeupe kama madaktari wadogo. Saa kumi na moja jioni vipaza sauti vya mji mzima vilipiga wimbo mfupi, wa polepole, na kila mtoto akajua ni wakati wa kurudi nyumbani.

Jirani yetu alikuwa bibi mmoja mjane, mlango wa pili kutoka kwetu. Alianika figili kwenye kamba barazani kama watu wanavyoanika soksi. Mama alimpelekea chapati, naye akatuletea figili zilizokolea chumvi, na walizungumza kutwa, mmoja kwa Kiswahili na mwingine kwa Kijapani, bila yeyote kuelewa neno la mwenzake. Mimi nilijaribu kuwatafsiria, wakaniambia niende nikacheze.

Sasa, nchi ile hutetemeka. Shuleni tulifanya mazoezi ya tetemeko mara kwa mara, na mwalimu alitukaririsha: msisukumane, msikimbie, msiongee. Nyuma ya kila kiti ilining'inia kofia nene ya pamba ya kukinga kichwa. Za wenzangu zilikuwa za buluu au kijivu. Yangu mama aliishona kwa leso yake ya zamani, nyekundu yenye michoro ya korosho, nikaonekana toka mbali. Niliiona aibu sana.

Halafu kulikuwa na kadi. Siku ya tetemeko kubwa, mtoto hatolewi shuleni mpaka afike mtu ambaye jina lake limeandikwa kwenye kadi yake. Kadi ilikuwa na nafasi tatu. Mama aliandika jina la baba, akaandika lake, akaweka kalamu chini. Baba akamwambia amwandike bibi wa jirani.

"Nimwandike wa nini?" mama akasema. "Kwani mtoto ni mzigo wa stesheni, uchukuliwe kwa risiti? Kwetu mtoto anachukuliwa na yeyote mwenye macho."

Baba alimjua mkewe, akairudisha kadi mkobani mwangu. Nafasi ya tatu ikabaki tupu.

Tetemeko lilikuja mwezi wa mvua, nikiwa na miaka minane, tukiwa tunafagia. Kwanza ndoo ya maji ilianza kutikisika peke yake. Kisha kukatokea mngurumo kutoka chini, sakafu ikaenda upande, na madirisha yote yakalia pamoja. Niliingia chini ya dawati nikashika miguu yake, nalo lilikuwa linakimbia nami. Hakuna aliyelia. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote, watoto thelathini chini ya madawati, kimya, wakifuata maagizo. Nilitaka kupiga yowe kwa Kiswahili lakini nilikumbuka tusiongee, nikang'ata utepe wa kofia.

Baba siku hiyo alikuwa mkoa mwingine kwa utafiti. Mama alikuwa kazini, kwenye kiwanda cha kufunga vyakula, ng'ambo ya mto. Treni zilisimama, simu zilikatika, na daraja likafungwa. Sisi watoto tukakalishwa kwenye ukumbi wa michezo, mistari mistari, tukingoja kuitwa.

Bibi wa jirani alifika mapema. Nilimwona mlangoni na mabuti yake ya mvua, akininyooshea kidole, nami nikainuka kabla sijaitwa. Mwalimu akatazama kadi yangu. Akaitazama tena. Kisha akainama sana, na bibi akainama zaidi, na nikaelewa kwamba hatanitoa. Niliwachukia wote wawili. Nilimchukia mwalimu kwa kukataa na bibi kwa kukubali. Kwetu bibi angepiga kelele mpaka mkuu wa shule atoke!

Nilidhani atakwenda zake. Badala yake alitandika kitambaa pale mlangoni, mahali pa kuvulia viatu, akaketi. Hakuvuka hatua moja kuingia ndani, maana hakuruhusiwa. Wala hakuondoka. Kila ardhi ilipotetemeka tena, na ilitetemeka mara nyingi, aliinua mkono nimwone.

Watoto wakaitwa mmoja mmoja. Tukabaki kumi, tukabaki watatu, nikabaki mimi. Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo saa kumi na moja ule wimbo wa jioni haukupigwa. Nilikaa nikiusubiri, kisha nikaamini kwamba nyumbani hakupo tena.

"Na kama mama haji?" nilimuuliza mwalimu.

Alinifungua utepe wa kofia ya leso, akanifunga upya, vizuri zaidi. Miaka mingi baadaye baba aliniambia kwamba mwalimu yule naye alikuwa na mtoto, shule nyingine, siku ile ile, aliyebaki akimngoja.

Mama alifika giza likianza kuingia. Alikuwa amezunguka hadi daraja lingine, mbali kule juu mtoni, kwa miguu, viatu mkononi, tope mpaka magotini. Kabla ya kunikimbilia alimwona bibi pale chini mlangoni, akasimama. Nafikiri alielewa yote mara moja. Alipiga magoti kati ya viatu vya watu, akamkumbatia bibi aliyekuwa hajazoea kukumbatiwa, akalia kwa sauti, kilio cha kwetu, ukumbi mtupu ukarudisha mwangwi.

Kesho yake alimpelekea ile kadi. Bibi aliandika jina lake taratibu, akatoa mkobani mhuri wake mdogo, ambao kule ndio sahihi ya mtu, akaufuta, akaugandamiza kwa nguvu zote.

Bibi yule alifariki baada ya sisi kurudi Kenya, na nyumba zile zimebomolewa. Mama naye ametutangulia. Hata ile nchi yake, ambamo mtoto huchukuliwa na yeyote mwenye macho, haipo. Watoto wa dada yangu Nairobi wanarudishwa na gari la shule, na dereva ana orodha. Simlaumu, nisingempenda asiye na orodha. Lakini naikumbuka, na kuikumbuka kunanitia woga badala ya kunifariji, maana najua ni watu wangapi walihitajika ili mtoto mmoja asibaki peke yake.

Wiki hii shule ya binti yangu imemtuma na kadi ya dharura. Tunaishi wawili tu, hapa Columbia Heights, mwaka wa sita. Niliandika jina langu nikakwama. Mwenzangu wa kazi huwa zamu moja nami. Watu wa kanisa wana kazi mbili mbili, na wengi wanakaa mbali. Jirani wa mkabala namjua mbwa wake kwa jina, yeye simjui.

Binti yangu alisoma juu ya bega langu. Ana miaka minane.

"Just put you, Mum," akasema. "Nitangoja tu. I don't mind."

Alisema kwa moyo mweupe, akarudi kwenye katuni zake. Mimi nilihisi sakafu inakwenda upande. Nikavaa viatu, nikachukua kadi na kalamu, nikavuka korido hadi kwa jirani wa mkabala. Nilisimama mbele ya mlango ule mkono ukiwa hewani, nikitafuta namna ya kumwambia mtu nisiyemjua kwamba nataka amngojee mtoto wangu. Sikuipata. Nikabisha hivyo hivyo, na ndani nikasikia mtu anakuja.