Hatuziki Kundi Hapa

Siku aliyozikwa mume wangu, chumbani tulikuwa wanne. Mimi mjane, nimeketi mkekani. Wifi yangu, dada yake mkubwa, tumbo moja baba mmoja, ndiye aliyembeba mgongoni kule Kilangala mama yao akiwa kwenye mikorosho. Binti yangu, aliyeshuka basi la Dar asubuhi ileile. Na mke wa imamu wetu wa hapa Mitwero, ambaye marehemu alimwita shangazi kwa heshima tu, udugu hawana. Ukumbini walijaa watani wetu wa vilimani, Kilwa ya bara, wanawake watupu, na mkubwa wao alikuwa bibi mmoja wa rika langu. Babu yake na babu wa mume wangu walitaniana, na sisi tukaurithi utani huo kama unavyorithi shamba. Wanaume walikuwa nje, chini ya turubai.

Majina ya wote ninayo kichwani, hata la mtoto aliyekuwa analia mlangoni na la bibi ambaye mtoto huyo amerithi jina lake. Binti yangu kasema nisiyaandike, watu wa siku hizi hawapendi. Basi nimeyaacha.

Nilikuwa sijalia. Watu walinitazama wakisubiri nilie, mimi nikawa natazama mlango, umebanduka rangi pale chini. Nje wajukuu walikuwa na simu, wanamwangalia babu yao kwenye picha alizocheza. Nikamsikia anacheka humo ndani ya simu, na mwenyewe yuko chumba cha pili anaoshwa. Sikuona ajabu yoyote. Nilisikia tu kama unavyosikia kuku uani.

Mume wangu alikuwa mwigizaji. Siyo yule ambaye sura yake wanaiweka kubwa kwenye karatasi la kutangaza picha. Yeye alikuwa wa pembeni: baba wa msichana, mganga, askari wa zamu, mwenyekiti wa kijiji, mlevi anayepita njia. Watu walimjua sana na hawakumjua. Wakikutana naye Lindi mjini walimwita Mganga, wengine Mwenyekiti, naye aliitika yote.

Alianzia misibani. Huku kwetu mtu akifa, watani wake huja kumwiga. Wanavaa nguo zake, wanatembea alivyotembea, wanafoka alivyofoka, mpaka waliofiwa wanacheka na machozi yao usoni. Mtu akizikwa bila kuigwa, wazee husema msiba ulikuwa mkavu, na kusema hivyo ni tusi. Mume wangu alipokuwa kijana, yeye ndiye aliyetumwa kwenye misiba ya watani. Alikuwa akimwona mtu mara moja tu sokoni, na mtu huyo akifa miaka mingi baadaye, anamtoa vilevile, mpaka kikohozi.

Mimi nilimwona kwenye kisomo cha watu wazima. Mwalimu akigeukia ubao, yeye nyuma anakuwa mwalimu. Ndiyo maana herufi zangu ni chache, nilikuwa nacheka.

Baadaye wakamchukua kwenye kikundi cha maigizo, wanazunguka vijijini kufundisha watu habari za vyoo na vyandarua. Safari moja nilikwenda naye Songo Songo. Aliigiza daktari, kavaa koti jeupe la kuazima. Kesho yake asubuhi bibi mmoja akaja mpaka tulipolala, kanyoosha mguu wenye kidonda.

"Shikamoo bibi. Mimi siyo daktari," mume wangu akamwambia.

"Marahaba. Jana ulikuwa daktari, leo umeacha kazi?"

"Bibi, ule ulikuwa mchezo."

"Basi cheza tena, mguu unauma."

Akamshika mkono akampeleka zahanati. Njiani, naapa, alitembea kama daktari, mikono nyuma, anauliza bibi anakula nini. Nilikuwa nawafuata, nikacheka mpaka nikakaa chini. Siku ile sikuona ubaya wake.

Zikaja picha za video. Vijana wa Dar walimtafuta, halafu hata wa hapahapa Lindi walipopata kamera. Walimpenda kwa kuwa hakuwasumbua. Mwambie awe shehe, anakuwa shehe. Mwambie awe maiti, analala. Kwenye picha moja alilala maiti mchana kutwa, na aliporudi nyumbani hakusema neno mpaka amekula.

Nyumbani alikuwa anarudi na watu. Nikisikia hatua barazani nilikuwa nauliza, "Leo kaja nani?" Ikiwa ni mzee, nampa shikamoo, naye anaitika marahaba, watoto wanavunjika mbavu. Tatizo lilikuwa tukigombana. Nikisema paa linavuja, nimesema tangu mvua za mwanzo, ananyoosha kanzu, anakohoa kidogo, ananijibu kwa sauti ya mwenyekiti: "Mama, lalamiko lako limepokelewa. Kamati itakaa." Utafanyaje? Unacheka. Hasira inakwisha, paa linaendelea kuvuja.

Mtoto wetu wa kwanza alipofariki, alilia. Alilia vizuri. Mimi nilimtazama, nikajikuta najiuliza huyu anayelia ni nani. Sikumwambia mtu. Wala sikulifikiria tena, maisha yakaendelea.

Sasa turudi kwenye msiba. Watani waliingia chumbani wamejipaka unga usoni. Yule bibi mkubwa wao kavaa kofia ya marehemu na koti lake la kijivu, akasimama juu yangu.

"Hodi! Mke wa wanaume kumi, leo umefiwa na yupi?"

"Astaghfirullahi," mke wa imamu akasema. "Mwenye msiba huyu."

"Shehe jike nyamaza. Wewe una mmoja tu na humwezi."

Wakaanza. Wakamtoa mwenyekiti, na kamati yake. Wakamtoa mganga anayeogopa tunguli zake mwenyewe. Wakamtoa askari anayelala akiwa amesimama. Ukumbi mzima ulicheka, binti yangu alicheka huku anajifuta, hata mke wa imamu alificha mdomo kwenye mtandio. Nami nilitikisa mabega kidogo ili wasinitazame.

Halafu yule bibi akawanyooshea mkono wenzake waache. Akavua kofia, akaishika mkononi.

"Hawa wote tumeshawaona kwenye simu," akasema. "Mwenyewe yuko wapi? Hatuziki kundi hapa. Tunazika mtu mmoja."

Watani wenzake wakatazamana. Mmoja akajaribu kutembea kwa kuburuza mguu, bibi akamkata: "Huyo mlevi wa kwenye picha." Mwingine akajikuna shingo. "Huyo mganga."

Imamu akaita kutoka nje, "Jamani, adhuhuri inakaribia. Mwili utoke."

"Hatoki mtu asiyejulikana!" bibi akajibu kwa sauti ya juu, na nje wanaume wakacheka, wakidhani ni utani bado.

Akachuchumaa mbele yangu. Sauti akaishusha. "Mwanamke mwenzangu, weka utani pembeni. Nipe kitu chake. Humu ndani, pasipokuwa na mtu wa kumtazama, alikuwaje?"

Nilijua anachotaka. Nilijua pia kwamba hakuna mwingine wa kuulizwa. Nikafikiri sauti yake, ikaja ya mwenyekiti. Nikafikiri anavyolala, ikaja ile picha aliyolala maiti. Hapo ndipo nilipoogopa, nadhani ilikuwa hofu. Nimepika, nimezaa, nimefua nguo za mtu huyu maisha yangu yote, na ninaulizwa kitu kimoja tu.

Nikakumbuka mtungi.

"Maji," nikasema. "Alikuwa anachota kata nzima. Anaitazama. Anarudisha nusu mtungini, halafu ndiyo anakunywa. Kila mara. Akiwa peke yake."

Bibi akainuka. Akatoka chumbani akaenda ukumbini, kwenye mtungi wetu wa konani. Kupitia mlangoni nilimwona. Akachota kata ikajaa, akaitazama, akarudisha nusu polepole bila kumwaga, akanywa, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono. Hilo la kufuta mdomo sikumwambia. Aliliongeza mwenyewe, na lilikuwa sawasawa.

Hakuna aliyecheka. Hawakumtambua.

"Mama," binti yangu akauliza, "huyo nani?"

Nilifungua mdomo niseme, huyo ni baba yako. Wifi yangu akanitangulia.

"Huyo baba yetu," akasema. "Marehemu baba. Ndivyo alivyokuwa anakunywa maji. Huyu mdogo wangu alikuwa anasimama nyuma yake anamwiga na kifuu, mimi nacheka, mama anatuchapa wote wawili." Akacheka kidogo, akaanza kulia. "Kumbe hakuacha."

Bibi alirudi mlangoni na kata bado mkononi. Akanitazama mimi, siyo wifi.

"Kingine?"

Sikuwa nacho.

Nje imamu akaita tena. Bibi akaweka kofia ya marehemu juu ya mapaja yangu, akasema bila utani wowote, "Basi aende hivyohivyo." Wanaume wakampitisha ukumbini. Nikasikia miguu ya wanaume ikishuka barazani na shahada zao zikienda mbali. Mke wa imamu akanibana mkono akidhani sasa nitalia. Nilikuwa natazama ile kofia, jasho limeacha alama ya njano ukingoni. Nikawaza kwamba alama ile ni yake. Halafu nikakumbuka kofia hii waliwavalisha watu wengi kwenye picha.

Nimekaa eda, nimetoka. Binti yangu ameniwekea picha zake zote kwenye simu, na jioni mjukuu ananifungulia. Namtafuta katikati ya maneno, pale mwenzake anapoongea na yeye anasubiri zamu yake. Wakati mwingine nadhani nimemwona. Mjukuu anarudisha nyuma, tunatazama tena, namkuta ni askari anasubiri.

Sasa hata mtungi umeanza kunichanganya. Sijui kama alirudisha nusu, au ilikuwa kidogo tu, au nakumbuka alivyofanya yule bibi. Na wifi yangu ni mtu mzima sana, huenda yeye ndiye anayemchanganya baba na mwana. Nimemuuliza, siku moja anasema ndiyo, siku nyingine ananiuliza kata gani.

Kwa hiyo wewe unayesoma, kama ulikuwepo siku ile, au ulicheza naye, au ulikaa naye jahazi moja kwenda Songo Songo, nisahihishe nilipokosea. Na kama uliwahi kumwona akifanya kitu ambacho hakukitoa kwa mtu, hata kiwe cha kijinga, njoo uniambie. Mtungi bado uko ukumbini, utanionyesha hapohapo.