Kopo la Fuvu

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mwalimu wa sayansi karibu na mji wa Nyeri, na niliamini kwamba mtu akielezwa jambo polepole, ataelewa. Ni imani nzuri. Usiiache kwa sababu ya shangazi yangu.

Shangazi alikuwa na kahawa, mjukuu wa miaka miwili, na kopo. Kopo lilikuwa la dawa ya kunyunyizia kahawa, limechorwa ubavuni fuvu la kichwa na mifupa miwili. Ndani yake aliweka maziwa ya mjukuu, na tumbo la mtoto lilikuwa limeanza kumsumbua.

Niliketi naye jikoni, nikamweleza jinsi sumu inavyobaki kwenye bati hata likioshwa. Nilimchorea kwa mkaa sakafuni. Alisikiliza hadi mwisho.

"Umesoma, mwalimu. Lakini hii kopo haivuji. Na iko na kifuniko."

"Na hiki kichwa cha mtu, shangazi?"

"Ati huyo? Huyo alikufa zamani. Atafanya nini?"

Tusimcheke haraka. Babu zetu waliponea kwa kukimbia vitu vinavyotambaa, nasi tumerithi miguu yao. Sumu haitambai. Ndiyo maana kijiji kizima kilikunywa kwa utulivu kutoka makopo kama hilo, kisha jioni ile kikatawanyika kwa mayowe kinyonga alipoonekana uani. Kinyonga, mnyonge asiye na sumu hata tone! Lakini kwetu ni mkosi unaotembea.

Basi kesho yake nikaenda kwenye ua kumtafuta. Mihula mingi nilikuwa nimewafundisha wanafunzi kwamba hana madhara. Nilimbeba kwenye ncha ya fimbo iliyonizidi urefu, nikamtua juu ya kifuniko cha kopo.

Ukelele wa shangazi ulifika hadi kiwanda cha kahawa. Kinyonga akashuka kwa hatua zake za kusitasita, akaenda zake. Kopo likasukumwa kwa mpini wa jembe hadi shimo la choo. Kufikia jioni majirani watatu walikuwa wametupa yao. Maziwa yakahamia kwenye kibuyu, na baada ya siku chache tumbo la mtoto likatulia.

Lakini siku ile ile ya kinyonga, shangazi alinikagua kwa jicho kali.

"Mwalimu, ulikuwa karibu na huyo mnyama?"

"Karibu kidogo."

"Basi nawa."

Nilinawa kwa sabuni hadi viwikoni, mara tatu. Fimbo nilikuwa nimeshaichoma.