Mtu wa Kuambiwa

Nilichagua kiliniki ya kulipa kwa sababu ya kiburi, sitasingizia kitu kingine. Kwenye hospitali ya serikali, mgonjwa anayelazwa lazima awe na mtu wake wa kumlinda: wa kumpikia, kumfulia, kukimbia na karatasi ya daktari mpaka famasi. Mimi mke wangu alikwisha kufariki, na watoto wetu wako Afrika Kusini, simu zao ni za sikukuu. Kiliniki ya kulipa haikuulizi umekuja na nani, wauguzi wanafanya yote. Basi nikaona, kuliko kulala wodini wenzangu wanafunguliwa sufuria za bukari, ugali wetu, na mimi natazama dari, afadhali nilipe.

Tumboni, upande wa kulia, palikuwa na kitu kigumu. Nilifanya kazi ya umeme kiwandani miaka mingi, nimezoea kutafuta hitilafu kwa mkono, na kitu hiki nilikigusa kila asubuhi kabla ya kuvaa shati. Walinipima damu, wakanipiga picha, wakachukua kipande cha nyama kwa sindano. Majibu yakitoka, walisema, ndipo tutajua kama ni cha kupasua. Na kupasuliwa ni Lubumbashi, tena malipo mbele. Mali yangu yote ni nyumba ninayokaa, mtaa wa Kikula. Niiuze, nibaki mpangaji kwa umri huu, na labda nisiamke pale mezani? Au niiache, na kitu kile kiendelee kukua? Wiki mbili nzima nilipima jambo hilo huku nikibishana na redio, maana hakukuwa na mwingine wa kubishana naye. Niseme kweli, niliogopa sana.

Siku ya majibu daktari, kijana ambaye ningeweza kumzaa, alifungua bahasha, akasoma, akairudisha mezani kifudifudi.

"Papa, ulikuya na nani?"

"Minye moya," nikajibu, yaani peke yangu.

"Bantu ba famille batakuya lini?"

Nikamwambia famille, yaani jamaa zangu, ni mimi. Akatabasamu kwa heshima, akaniomba nirudi na mtu. Nikarudi keshokutwa yake, peke yangu vilevile, maana ubishi ninao. Akaniandikia dawa za maumivu, akauliza swali lilelile. Hapo nikawaka. Nikamuuliza: tumbo ni langu, franka ni zangu, karatasi ni ya nani?

Akatazama chini. "Papa, ile mambo tunasemaka na famille."

Sikuweza kumchukia. Kwetu habari nzito haiambiwi mgonjwa. Anaambiwa ndugu, pembeni, kwenye korido, na huyo ndugu ndiye anayeamua kiasi gani kifike kitandani. Mke wangu mwenyewe alikufa akiamini amepungukiwa damu tu, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia hivyo. Sasa zamu yangu imefika, na kwenye korido hakuna mtu.

Mbele ya lango langu hukaa mama mmoja anayeuza samaki wa ziwa la Tshangalele, Mwislamu, watu wake walitoka Maniema. Miaka yote tulisalimiana tu, na kugombana juu ya maji ya samaki anayomwaga mlangoni pangu. Nikamwendea nikamwomba awe dada yangu kwa asubuhi moja. Kwanza alinitazama akidhani nimelewa. Nikamweleza yote: tumbo, nyumba, Lubumbashi, ile bahasha. Nikamtaka aape kwamba ataniambia neno kwa neno.

"Naapa, papa," alisema, akafunika samaki wake kwa gunia.

Mlangoni kwa daktari alisema kwa sauti, "Minye ni dada yake," na daktari akashusha pumzi. Mlango ukafungwa. Nilikaa kwenye benchi la kiliniki, jipya, safi, la kwangu peke yangu. Walikawia huko ndani. Nilisikia kiti kikivutwa, kisha sikusikia tena kitu.

Alipotoka alikuwa amefunga kitenge chake upya, na mikononi hakuwa na karatasi.

"Ni kidonda tu, yaya," alisema. "Kitapona na dawa. Nyumba usiuzishe. Kupasua haiko lazima."

Asubuhi ileile alikuwa bado akiniita papa; sasa nimekuwa yaya, kaka yake mkubwa.

Sikumkumbusha kiapo. Akanishika mkono tukavuka barabara, na tulipofika ng'ambo hakuuachia. Nilitembea hivyo mpaka Kikula, mzee mzima, watu wakitutazama.

Nyumba sikuiuza. Kila mchana ananiletea supu, anakaa karibu mpaka nimalize, kisha anauliza tumbo linaendeleaje. Namwambia linapona.