Chumba cha Nyuma

Nyumba niliyokulia ilikuwa imekaliwa kabla yetu na familia ya mwandishi mkubwa. Hilo halikutushughulisha sana. Kwetu ilikuwa nyumba ya kanjo, mali ya baraza la jiji, kama nyingine zote karibu na Muthurwa, Nairobi: vyumba viwili vya mawe na bomba la kugawana na majirani. Mama alifia humo, katika chumba cha nyuma, baada ya kuugua kifua muda mrefu.

Mwaka uliofuata mwandishi naye akafariki, na wakubwa wa kanjo wakaja kumwambia baba kwamba nyumba itageuzwa makumbusho. Tukapewa nyingine upande wa pili wa mtaa. Baba, aliyekuwa dereva wa lori huko Industrial Area, alihamisha vitu vyetu kwa mkokoteni. Tangu hapo akawa anazunguka mbali ili asipite pale.

Nilikuwa kidato cha pili aliponiambia, Jumapili moja tukitoka kanisani, "Twende tukaone walivyoifanya."

Mlangoni tulipokewa na dadake mwandishi, mama mtu mzima mwenye sweta ya kijivu, ambaye ndiye aliyeachiwa kuitunza nyumba. Hakutujua. Alituonyesha meza ya kakake, taa ya chemni, picha za shule. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi upya. Moshi wa jiko letu haukuonekana tena. Mlango wa chumba cha nyuma ulizuiwa kwa kamba. Ndani, kitanda cha chuma kilisimama pale pale kilipokuwa cha mama.

"Hapa ndipo kaka alipokuwa akilala," akasema. "Hapa ndipo alipoanza kuandika."

Baba akavua kofia. Yule mama akamgeukia.

"Mzee, kuna neno?"

"Mke wangu alifia hapa. Sisi ndio tuliohamishwa."

Mama wa watu akashika kifua. "Wui! Pole, mzee. Sisi tuliambiwa nyumba ilikuwa tupu."

Akaifungua kamba. "Ingia. Ukae kidogo."

Baba hakugusa kitanda. Alipiga magoti kwenye sakafu akaomba kwa Kikamba, polepole, akimtaja mama kwa jina. Sikuwa nimelisikia jina hilo kinywani mwake tangu mazishi. Nikaegemea ukuta nikalia.

Wanafunzi wa chuo walifika na kamera zao. Dadake mwandishi akawazuia barazani. "Ngojeni hapo. Kuna msiba ndani."

Tulipotoka alimwomba baba picha ya mama, aitundike mle chumbani.

"La," baba akasema. "Hii ni nyumba ya kaka yako. Lakini nitakuja."

Na kweli alikuja, kila aliporudi safari, mpaka alipostaafu akaenda nyumbani Machakos. Wakati mmoja nilitumwa kumwita, nikamkuta ameketi na yule mama barazani, wanakunywa chai na kuulizana kama mvua imeshika mashambani.